Ukumbini taa hafifu, wachezaji hawatulii: ninunue lenzi au tatizo ni mpangilio wa kamera?

Kivuli_Kirefu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Napiga picha za mpira wa wavu ukumbini. Kamera yangu ni DSLR (ile yenye kioo cha kuakisi ndani) ya sensa ndogo, APS-C (sensa ni kile kipande kinachopokea mwanga), na lenzi ni zumu ya 70-300mm yenye f/4-5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa). Nje mchana sina ugomvi nayo, ndege akikatiza namhesabia manyoya. Nikiingia ukumbini ni kilio. Jana nimepiga picha 412, nimekesha nazo, zilizopona ni 3, na hizo 3 watu wamesimama tu wakisubiri mpira uanzishwe.

Kuna moja inaniuma. Mpigaji yuko juu kabisa, mdomo wazi, wazuiaji wawili mbele yake wamechelewa. Kwenye kioo cha kamera nilishangilia. Nilipoikuza kwenye kompyuta, uso uko sawa, viatu unaona hadi kamba, ila mkono wa kulia haupo. Penye mkono pana kitu kama feni imewashwa.

Data za hiyo picha: lenzi 300mm, tundu f/5.6, shata (muda wa kupokea mwanga) 1/160 ya sekunde, ISO (kamera inavyoukuza mwanga) 1600. Nilikaa jukwaani, safu ya juu.

Jamaa mmoja kaniambia kamera imezeeka, niitupe nitafute fulufremu, ya sensa kubwa. Mwingine anasema lenzi. Mimi ISO kuipandisha juu ya 1600 naogopa, chenga (zile punjepunje kwenye picha) zinakuwa nyingi. Nianzie wapi?

Chenga_Tupu

Nimeweka mkeka hapa, nasubiri wajuvi. Mimi shida yangu ni hiyo hiyo, ila kwa ngoma jukwaani.

Mzee_wa_Filamu

Mleta uzi, kabla hujanunua chochote rudi kwenye hizo picha 409 ulizozitupa. Picha mbovu ukiisoma vizuri inakwambia imeharibiwa na nini, na wengi wananunua lenzi kutibu ugonjwa ambao hawana.

Kama kila kitu kwenye picha kimevutwa upande mmoja, sakafu, wavu, watu, basi ni mkono wako uliotikisika. Kama mistari ya sakafu iko safi lakini mchezaji amevutika, shata ilikuwa ya polepole kwa mwendo wake. Na kama mchezaji ni ukungu mtupu lakini mabango ya ukutani nyuma yake yanasomeka, fokasi ilimkosa, hata ungepiga kwa 1/4000 isingesaidia.

Yako ni ya kundi la pili, na ni mfano mzuri wa kufundishia. Unajua kwa nini viatu vimetulia na mkono umeyeyuka? Mtu akiruka, akifika kileleni anakuwa kama amesimama hewani. Akipanda sentimeta 60, safari nzima ya kwenda na kurudi ni kama sekunde 0.7. Sentimeta 10 za juu kabisa peke yake zinakula karibu sekunde 0.3. Yaani mwili ulikusubiri. Mkono ndio haukusubiri, kwa sababu mkono wa mpigaji unakwenda mita 10 kwa sekunde au zaidi. Gawanya kwa 160: umesafiri sentimeta 6 wakati shata iko wazi. Hiyo ndiyo feni yako. Kwa 1/1000 ungesafiri sentimeta 1, na kwa ukubwa ambao watu wanaangalia picha, hakuna atakayeiona.

Kwa hiyo kinachopangwa kwanza ni shata, na anayeipanga ni mchezaji, si wewe wala taa. Mpira wa wavu na kikapu, anza 1/1000. Taa zikikubana sana shuka hadi 1/640, na hapo umvizie akiwa kileleni. Chini ya 1/500 unacheza bahati nasibu.

Kuhusu chenga: sisi tulikuwa tunachukua filamu ya Tri-X ya ISO 400 tunaisukuma hadi 1600 kwenye dawa, chenga ukubwa wa mchele, na magazeti yalichapa. Picha yenye chenga ni picha. Mkono uliogeuka feni huurudishi.

Kivuli_Kirefu

Shikamoo mzee. Nimerudi kuangalia, ni kweli, mistari ya sakafu iko safi karibu zote. Kumbe nilikuwa nalaumu fokasi bure.

Lakini lenzi yangu ina kizuia mtikisiko, nilidhani kinasaidia hapo?

Mzee_wa_Filamu

Marahaba. Kizuia mtikisiko kinatuliza mkono wako wewe. Hakina habari na mkono wa mwenzio.

Mama_Fokasi

Nakazia alichosema mzee, kisha niingie kwenye lenzi, maana naona wote mnaizunguka.

Kaka, data zako tuzifanyie hesabu. Ukumbi wako kwa f/5.6, 1/160 na ISO 1600 unakupa picha yenye mwanga wa kutosha. Sasa unataka shata ya 1/640, ambayo ni mwanga mara 4 pungufu, yaani stopu 2 (kila stopu ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu). Kuna njia mbili za kuzirudisha. Ya kwanza haihitaji kununua kitu: lenzi hiyo hiyo, ISO 6400. Ijaribu kesho. Ya pili ni lenzi ya f/2.8, kwa sababu kutoka f/5.6 kwenda f/2.8 ni stopu 2 kamili, hapo unabaki ISO 1600. Ukipata ya f/1.8, unaweza kwenda 1/1000 na ISO ikashuka hadi kama 1000. Ukumbi ni ule ule, taa ni zile zile.

Watu watakwambia nunua 70-200 ya f/2.8, basi. Ni lenzi nzuri, sibishani. Ila ujue unabeba nini. Hiyo namba ya f ni urefu wa lenzi ukigawanywa kwa upana wa tundu. 200 gawanya kwa 2.8 ni tundu la milimita 71, na kioo cha mbele hakiwezi kuwa chembamba kuliko hapo. Ndiyo maana nyingi zina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na seti ya tatu mkono unaanza kuuliza maswali. Lenzi ya 85mm f/1.8 tundu lake ni milimita 47 tu, nyepesi, na inaingiza mwanga mara mbili na zaidi ya hiyo kubwa.

Kikwazo ni kwamba haina zumu, zumu ni miguu yako. Na hapa ndipo nataka ushuke jukwaani. Huhitaji 300mm, ulihitaji 300mm kwa sababu umekaa mbali!

Hesabu ya kuchagua urefu ni rahisi. Sensa ya APS-C upande mrefu ni karibu milimita 23.5. Umbali wa mchezaji zidisha kwa 23.5, gawanya kwa urefu wa lenzi. Ukishika kamera wima, mita 6 kutoka kwa mpigaji, lenzi ya 50mm inakupa kimo cha mita 2.8. Wavu wa wanaume juu yake ni mita 2.43, wa wanawake 2.24, kwa hiyo mpigaji na wavu na mpira vinaingia, ukikubali kupoteza viatu. Ukiweka 85mm pale pale unabaki na mita 1.7, kiwiliwili na kichwa. Ukisogea hadi mita 10, ile 85mm nayo inakupa mita 2.8. Uwanja ni mita 18 kwa 9, kwa hiyo pande zote mbili unazifikia kama utapewa ruhusa ya kukaa karibu na nguzo ya wavu, nje ya eneo la wachezaji.

Ningekuwa wewe ningeanza na 50mm f/1.8, karibu kila kampuni inayo na huwa ni miongoni mwa lenzi zake nyepesi. Nikishajua nasimama wapi, ndipo niamue kama nataka 85.

Fundi_Taa

Dada umesema yote ila moja. Ukifungua f/1.8, eneo lililo safi linakuwa jembamba. 85mm, f/1.8, mita 10, sensa ya APS-C: una karibu mita 1 kutoka mbele hadi nyuma, hapo mchezaji anaenea. Lakini akija mita 4 kutoka kwako, zinabaki kama sentimeta 16. Uso safi, ngumi iliyonyooshwa kuelekea kwako imepotea. Watu wanalaumu lenzi kumbe ni hesabu.

Mama_Fokasi

Kweli kabisa, na ndiyo maana akiwa karibu mimi hufunga hadi f/2.2 au 2.5. Lenzi nyingi za f/1.8 pia zinakuwa kali zaidi zikifungwa kidogo.

Faida nyingine ya tundu kubwa ambayo haitajwi sana: DSLR inatafuta fokasi lenzi ikiwa wazi kabisa, hata kama umeweka f/8. Tundu linajifunga pale tu unapobonyeza. Kwa hiyo lenzi ya f/1.8 inaipa mitambo ya fokasi mwanga zaidi wa kufanyia kazi, na gizani hilo unalihisi kwenye kidole.

Jogoo_la_Shamba

Acheni kumzungusha kijana. Piga kwa ISO 1600, picha itoke nyeusi, ukifika nyumbani ing'arishe kwenye programu. Chenga hazitakuwepo.

Mzee_wa_Filamu

Zitakuwepo, tena zote. Chenga hazitengenezwi na kile kitufe cha ISO. Sehemu kubwa inatokana na uchache wa mwanga ulioifikia sensa, na mwanga huo umeamuliwa na shata na tundu. Ukipiga 1/640 f/5.6, sensa imepata mwanga ule ule, uwe umeandika 1600 au 6400. Kung'arisha stopu 2 nyumbani hakujaongeza hata tone. Kwenye kamera mpya matokeo yanakaribiana, kwenye za zamani vivuli vinatoka na michirizi. Na uwanjani unabaki na kioo cheusi, huoni kama uso umeshika fokasi.

Jogoo_la_Shamba

Sawa mzee, nimekaa chini.

Mama_Fokasi

Haha. Niongeze tu kwa mleta uzi: ukikuza picha asilimia 100 na pua imegusa kioo, chenga za 6400 zinatisha. Ipunguze hadi ukubwa ambao utaituma au kuichapa, nyingi zinajimeza zenyewe. Piga RAW (faili ghafi la kamera), usiiachie kamera isafishe kwenye JPEG, nyingine zinasugua hadi ngozi ya mtu inakuwa nta. Programu za siku hizi zinasafisha RAW vizuri. Lightroom tangu Aprili 2023 ina kitufe chake cha kazi hiyo. Usikibonyeze hadi mwisho.

Chenga_Tupu

Na mimi wa ngoma jukwaani jamani? Taa zambarau, nyekundu, zinabadilika kila sekunde. Kamera nimeiachia iamue, nyuso zinatoka kama nyanya iliyopondwa, hakuna pua hakuna shavu.

Fundi_Taa

Wewe una matatizo mawili yaliyolala kitanda kimoja.

La kwanza, nyuma ya mchezaji ni pazia jeusi. Kamera inaona giza, inadhani picha nzima ni giza, inaongeza mwanga, uso unaungua. Pima mwanga kwa kidoti (spot) kwenye uso wenyewe, au punguza stopu 1 hadi 2 kwenye ile mizani ya + na -.

La pili ni hizo rangi. Taa nyekundu ya LED inajaza mkondo mmoja tu wa rangi kwenye sensa. Nyekundu imejaa hadi inamwagika, kijani na bluu ni karibu tupu. Grafu ya jumla ya mwanga (histogramu) inakudanganya kwamba mambo ni shwari. Fungua grafu ya rangi tatu, angalia kama nyekundu imegonga ukuta wa kulia. Ikigonga, shusha mwanga hadi iachie, hata kama kioo kinaonyesha picha ya huzuni. Mkondo uliojaa pomoni haurudi, RAW au si RAW.

Kwa shata, ngoma ina huruma kuliko wavu. Mchezaji anageuka, anasita, anageuka tena. Kwenye kusita 1/250 inatosha, kwenye kuruka nenda 1/500 au 800. Msikilize mpiga ngoma, si mchezaji. Pigo linakuja kabla ya mwili, na kidole chako kina uvivu wake, kama sekunde 0.2 kutoka kuona hadi kubonyeza.

Chenga_Tupu

"Msikilize mpiga ngoma" nimeiandika kwenye mkoba wa kamera.

Kivuli_Kirefu

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Wiki mbili zimepita.

Jaribio la kwanza: lenzi yangu ile ile, nimeshuka jukwaani, nikakaa kona karibu na nguzo, ISO 6400, 1/640. Karibu na wavu natumia 70mm na hapo lenzi inafunguka f/4, sikuwahi kujua kwamba kule juu nilikuwa najinyima stopu nzima kwa kuvuta hadi 300! Mikono imerudi. Chenga zipo, mama yangu kaangalia picha hakuziona.

Jaribio la pili: nimeazima 50mm f/1.8. Nikaweka f/2, 1/1000, ISO 2000. Hapa nimeona tofauti kama mchana na usiku. Ila yametokea mambo mawili mapya.

Moja, nikipiga mfululizo, picha zinatofautiana. Ya kwanza nyeupe safi, ya pili imeingia njano na giza kidogo, ya tatu nusu kwa nusu, juu kweupe chini kahawia. Sijagusa kitu.

Mbili, fokasi inaupenda wavu kuliko inavyompenda mchezaji. Nyuzi za wavu kali kama wembe, nyuma yake mtu wa pamba.

Fundi_Taa

La kwanza limekuja kwenye jina langu. Taa zinapepesa. Umeme ukiwa wa hertz 50, taa nyingi za kumbi zinapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Ukiwa wa 60, mara 120. Jicho halioni. Ulipokuwa 1/160 shata ilikuwa inameza sehemu kubwa ya wimbi, sasa kwa 1/1000 unakata kipande chembamba, mara kileleni mara bondeni, na taa ikiwa bondeni hata rangi yake inabadilika. Ile ya nusu kwa nusu ni mapazia ya shata yaliyokuwa yanapita juu ya sensa wakati taa inashuka.

Angalia kwenye menyu kama kamera yako ina kipengele cha kuzuia kupepesa. Canon walikiweka kwenye EOS 7D Mark II mwaka 2014, na tangu hapo kimeenea. Kamera inasoma wimbi la taa kisha inachelewesha shata kidogo hadi kilele. Kasi ya mfululizo inapungua kidogo, vumilia. Kama huna, piga mifululizo ya picha 4 au 5, moja itaangukia kileleni.

Wenye kamera zisizo na kioo cha kuakisi (mirrorless), jihadharini na shata ya kielektroniki. Sensa nyingi zinasomwa mstari kwa mstari, chini ya taa hizi unapata picha yenye milia kama pundamilia. Rudini kwenye shata ya mitambo. Sony a9 III ya mwaka 2023 inasoma sensa yote kwa mpigo mmoja, hiyo milia imeondoka, lakini nayo haiiambii taa iache kupepesa.

Mama_Fokasi

La wavu niachie mimi. Kwanza hakikisha uko kwenye fokasi ya kufuatilia, AF-C, au AI Servo ukiwa na Canon. Pili, usiiachie kamera ichague kidoti cha fokasi. Wavu una mistari myeusi na utepe mweupe, fokasi inakula tofauti ya giza na weupe, itaacha kuula kwa nini? Chukua kidoti cha katikati, kwenye DSLR nyingi ndicho chenye nguvu kuliko vyote gizani. Kiweke kifuani kwenye namba ya jezi, si usoni, namba ina kingo za kushika.

Tatu, tenganisha fokasi na kitufe cha kupigia. Ihamishie kwenye kitufe cha nyuma, cha kidole gumba. Mshike mpigaji anapoanza kukimbia, kabla hajafika kwenye wavu, na akifika kwenye wavu achia gumba. Fokasi inabaki ilipo, unapiga. Siku ya kwanza utatukana. Siku ya tatu huwezi kurudi nyuma.

Na simama upande ambao mpigaji yuko upande wako wa wavu. Inaonekana kama mzaha, lakini nusu ya tatizo lako ni hapo.

Kivuli_Kirefu

Dada, kweli nilikuwa upande wa pili!

Swali la mwisho: ISO niiache iende yenyewe au niifunge?

Mzee_wa_Filamu

Ifunge. Taa za ukumbi hazibadiliki. Pima kwenye uso mmoja, hakikisha weupe wa jezi haujaungua, kisha usiguse tena.

Mama_Fokasi

Mzee hapa tunatofautiana. Kumbi nyingi zina taa katikati, pembeni giza. Mimi shata na tundu nafunga kwa mkono, ISO naiacha itembee, nikiiwekea dari ya 6400.

Mzee_wa_Filamu

Na timu ya jezi nyeusi ikipita mbele ya lenzi, ISO inaruka, nyuso zinaungua. Ikija ya jezi nyeupe, nyuso zinaingia giza. Taa zile zile!

Mama_Fokasi

Hilo nimelikubali nusu. Kama kona zake hazina giza, afunge. Kama zina giza, aiache. Kivuli, tembea na kamera kabla mechi haijaanza, pima mwanga katikati kisha pima kona zote nne. Tofauti ikiwa chini ya stopu 1, msikilize mzee.

Kivuli_Kirefu

Nimepima leo asubuhi ukumbi ukiwa mtupu. Katikati na kona tatu karibu sawa. Kona ya nne, kulia kwa kiti cha mwamuzi, iko chini stopu 1 na theluthi, kuna taa mbili zimekufa.

Kwa hiyo nafunga ISO, na ile kona naihama. Mechi ni saa 11 jioni. Gumba tayari linauma kwa mazoezi.